Tusiwalazimishe wanafunzi wenye kisukari kujificha

Waswahili husema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumewafunza wanafunzi wetu miaka nenda miaka rudi, nao wakaiandikia insha na kuifafanua kwa visa vya wazee wakaidi waliokataa kwenda hospitalini hadi maji yakazidi unga. Katika insha hizo zote mwenye kulaumiwa huwa ni mgonjwa. Ni nadra kumwona mwanafunzi, au hata mwalimu, akiuliza swali la pili: je, mgonjwa huyo alijificha kwa hiari yake, au wapo waliomfanya ajifiche?

Swali hili nalileta kwa ajili ya kundi dogo la wanafunzi ambao uhai wao hutegemea sindano ya insulini kila siku. Hao ni watoto na vijana wenye kisukari. Maoni yangu ni kwamba mengi katika madhara yanayowapata kutokana na sindano hizo yangeweza kuepukika, na kwamba chanzo chake aghalabu ni mazingira ambamo tunawaacha wajidunge. Na kwa muda mwingi wa mwaka, mazingira hayo ni shule.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kisukari ni cha aina zaidi ya moja. Kile kinachozungumzwa sana ni cha aina ya pili, ambacho huwapata hasa watu wazima na ambacho kwa wengi huweza kudhibitiwa, angalau mwanzoni, kwa vidonge, lishe na mazoezi. Kinachowapata watoto wetu aghalabu ni cha aina ya kwanza. Katika aina hii, kinga ya mwili huzigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziangamiza. Insulini ndiyo homoni inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika chembe za mwili ili itumike kuupa nguvu. Mtoto huyo hakuupata ugonjwa kwa kula peremende nyingi, wala hakurogwa, wala hakudekezwa na wazazi wake. Asipopata insulini hukonda, hunywa maji bila kukata kiu, hukojoa mara kwa mara, na hatimaye damu yake hujaa asidi akafariki. Wanaomwombea na wamwombee, lakini sindano asiache.

Insulini haimezwi, kwani tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama na maharagwe. Ni lazima idungwe chini ya ngozi, mara mbili, tatu au nne kwa siku, kwa kadiri ya agizo la daktari. Anayejidunga mara nne kwa siku hujidunga mara 1,460 kwa mwaka. Mtoto aliyeanza akiwa na umri wa miaka 8, atimizapo miaka 18 huwa amejidunga mara 14,600. Wengi wetu hukunja uso tunapodungwa mara moja tu.

Historia ya dawa hii ina funzo kwetu. Mnamo tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa dondoo la kongosho lililotayarishwa na Frederick Banting na Charles Best. Alikuwa amekonda hata uzani wake ukawa kilo 29 hivi. Dawa ile haikuwa safi. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipodungwa pakafanya jipu. Mwenzao James Collip akaisafisha, na kuanzia tarehe 23 mwezi huo huo kijana akadungwa tena, akapata nafuu, akaishi hadi 1935. Mnamo 1923 watatu hao waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza ya ugunduzi wao kwa dola moja moja, ili dawa isije ikawa mali ya mtu mmoja. Madhara ya sindano, basi, yalizaliwa siku moja na tiba yenyewe. Lakini wataalamu wale hawakumkemea kijana kwa kufanya jipu. Walijiuliza kasoro iko wapi katika kazi yao, wakairekebisha.

Hivi leo insulini imetakaswa sana. Tangu 1982 imekuwako insulini iliyo sawa na ya binadamu, ambayo kwa kiasi kikubwa imeshika nafasi ya ile iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na vile vishimo vilivyowatokea wagonjwa ngozini zamani vimekuwa haba. Sindano nazo zimekuwa fupi na nyembamba. Ya kalamu ya insulini yenye urefu wa milimita 4 humfaa mtoto na mtu mzima. Hata hivyo limesalia dhara moja ambalo wauguzi hulikuta kila kukicha, nalo ni vinundu vya mafuta chini ya ngozi. Insulini, licha ya kushusha sukari, huyakuza mafuta. Mtu akijidunga pale pale kila siku, mafuta ya pahali hapo hunenepa yakafanya uvimbe, ambao mara nyingine hauonekani kwa macho ila hugunduliwa kwa kupapasa. Sindano moja ikitumiwa mara nyingi huwa butu na ncha yake huharibika, ikazidi kuiumiza ngozi, na hatari ya uvimbe ikaongezeka.

Msomaji huenda akauliza: uvimbe mdogo usiouma una ubaya gani? Ubaya wake umo katika huko kutouma. Sindano ikipita hapo haisikiki sana, basi mgonjwa, na hasa mtoto, hupapenda. Kumbe insulini iliyodungwa ndani ya uvimbe haiingii damuni kwa utaratibu. Leo huchelewa, kesho hukwama, kesho kutwa huingia kwa wingi. Sukari ikipanda, daktari huongeza kipimo cha dawa. Ikipanda tena, kipimo huongezwa tena. Kisha siku moja mgonjwa hujidunga pembeni, penye ngozi nzima, kwa kipimo kile kile kikubwa. Insulini yote huingia damuni, sukari ikaporomoka, na mtu akaanguka.

Niliyashuhudia haya kwa msichana mmoja aliyehamia katika shule yetu ya kutwa akiwa kidato cha pili. Hapo awali alikuwa katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Mama yake alinieleza kwamba katika muhula wa kwanza masanduku ya wanafunzi yalipekuliwa, zikapatikana sindano, na kabla ya yeyote kuisoma barua ya hospitali iliyokuwa humo humo sandukuni, mwanawe akasimamishwa mbele ya gwaride kama mtumiaji wa dawa za kulevya. Barua ilisomwa baadaye, akarudishiwa vifaa vyake. Lakini jina la "Sindano" lilikuwa limekwisha kumganda. Tangu siku hiyo alijidunga msalani, kabla ya kengele ya alfajiri, akiwa amesimama kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa, na kwa haraka ili asikutwe. Mahali alipoweza kupafikia bila ya kuvua nguo palikuwa pamoja tu, nje ya paja la kulia. Alipadunga hapo muhula baada ya muhula. Sindano aliyopaswa kuitupa aliihifadhi na kuitumia tena kwa majuma kadhaa, kwani iliyotupwa ingeweza kuokotwa na kumzulia kesi nyingine.

Muuguzi wa kliniki alipolipapasa paja hilo alikuta uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku. Katika shule ile ya awali alikuwa amezirai mara tatu, na mara zote tatu ripoti ilisema ama kwamba hataki kula ama kwamba anajisingizia ili arudishwe nyumbani. Tiba yake haikuhitaji dawa mpya. Alielekezwa aliache paja lile lipumzike kwa miezi kadhaa, agawanye tumbo, mapaja na matako katika sehemu, ahame kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa mpango, na kila sindano iachane na iliyotangulia kwa upana wa kidole. Daktari alikipunguza kipimo chake kwanza, maana insulini inayodungwa penye ngozi nzima hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Nasi pale shuleni tulimpa ufunguo wa chumba kidogo chenye kiti, meza na mlango unaofungika. Nathubutu kusema kwamba ufunguo ule ulikuwa sehemu ya tiba yake sawa na dawa yenyewe. Asiye na pahali pa faragha hawezi kufunua tumbo lake, na asiyeweza kufunua tumbo hawezi kubadilisha pahali pa kujidunga, hata akihubiriwa kutwa kucha.

Hapa ndipo linapoingia suala la ubora wa maisha, ambalo madaktari hulizungumza sana na sisi walimu tukadhani halituhusu. Sukari ya damu hupimwa kwa tarakimu, lakini maisha ya kijana hayaishii katika tarakimu. Kijana hutaka kula pamoja na wenzake, kukimbia uwanjani, kwenda ziara ya masomo, na kulala usiku bila hofu ya kutoamka. Wapo wanaoruka sindano makusudi kwa kuogopa kuzirai mbele ya darasa. Hao huishi na sukari ya juu mwaka baada ya mwaka, na malipo yake huja kudaiwa baadaye katika macho, figo na miguu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi huona mwanafunzi mzembe, ilhali yeye anapima hatari mbili na kuchagua ile isiyomwaibisha leo.

Ratiba ya shule nayo yaweza kuwa dawa au sumu. Insulini ya kawaida hudungwa yapata nusu saa kabla ya chakula. Tuseme mwanafunzi amejidunga saa sita na robo, akitarajia kula saa saba kasorobo. Kisha hutangazwa mkutano wa ghafla, hotuba ikarefuka hadi saa nane kasorobo. Insulini haingoji hotuba iishe. Hali kadhalika, aliyejidunga pajani kisha akapelekwa mbio za nyika, dawa huingia damuni upesi kuliko alivyokusudia. Na mwalimu anayemwadhibu mwanafunzi kama huyo kwa kumnyima chakula cha mchana, pengine bila kujua, anahatarisha uhai wake.

Dalili za sukari kushuka kila mwalimu anapaswa kuzijua kama anavyoijua orodha ya darasa lake. Mwanafunzi hutetemeka, hutoka jasho jembamba, moyo humwenda mbio, huona njaa kali, hukasirika bila sababu, huongea kama mlevi au husinzia. Akipimwa, sukari huwa chini ya milimoli 4 kwa lita. Kama yu macho na anaweza kumeza, apewe papo hapo vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida yenye sukari. Angojewe dakika 15. Asipopata nafuu apewe tena, kisha ale kitu. Ikiwa hakuna kifaa cha kupimia, apewe sukari bila kungoja. Ikiwa amezirai, asitiwe chochote kinywani. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitalini. Na asidungwe insulini, kwani hiyo itaishusha sukari zaidi.

Najua majibu nitakayopewa. Wapo watakaosema kwamba sindano ni hatari mabwenini. Ni kweli, na ndiyo sababu zisifichwe. Sindano iliyofichwa chini ya godoro humdunga mwenzake. Iliyotumika ikatiwa ndani ya mkebe mgumu wenye kifuniko, kisha ikapelekwa kituo cha afya, haimdhuru mtu. Wapo watakaosema kwamba walimu wana kazi nyingi tayari. Nami ni mwalimu, nazijua. Lakini kujua dalili nilizozitaja ni kazi ya alasiri moja, na kumkimbiza hospitalini usiku wa manane mtoto aliyezirai ni kazi kubwa zaidi. Wengine watauliza kwa nini shule nzima isumbuke kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Jibu ni kwamba Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya huduma za afya, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hukataza adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kiakili. Hakuna pahali palipoandikwa kwamba haki hizo huanza pale wagonjwa wanapofikia idadi fulani.

Ninayoyapendekeza si makubwa. Kwanza, mzazi na mwalimu mkuu waandikiane siku ya kwanza ya muhula: mtoto hujidunga saa ngapi, hula saa ngapi, na apigiwe nani simu. Barua hiyo isomwe na naibu wa mwalimu mkuu, mlezi wa bweni na mwalimu wa darasa kabla ya sanduku lolote kupekuliwa. Pili, pawe na chumba cha faragha, hata kama ni pembe ya stoo iliyowekewa pazia. Tatu, insulini itunzwe vyema. Chupa ambazo hazijafunguliwa huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika hukaa yapata majuma manne katika hewa ya kawaida isiyo ya joto kali. Pasipo friji, mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kuloweshwa maji huipunguzia dawa joto, na bibi zetu walilijua jambo hilo kabla ya friji kuvumbuliwa. Nne, kila darasa na kila basi la shule liwe na sukari karibu. Tano, mwanafunzi mwenye kisukari aruhusiwe kula, kunywa maji na kwenda msalani wakati wowote, hata katikati ya mtihani.

Serikali nayo ina sehemu yake. Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha insulini miongoni mwa dawa za lazima tangu orodha ya kwanza ya 1977. Lakini insulini bila sindano ni kama ndoo bila kamba penye kisima. Mzazi anayepewa chupa ya dawa kisha akaambiwa ajinunulie sindano na vijiti vya kupimia sukari, ataitumia sindano moja hadi iwe butu, na mtoto atadungwa kwa kukisia. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024 pahali pa ile hazina ya zamani ya bima ya hospitali, yapasa kuvihesabu vifaa hivi kuwa kitu kimoja na dawa. Kadhalika, kila mara mtoto anapohudhuria kliniki, muuguzi na apapase pahali anapojidunga. Kazi hiyo haihitaji mashine, huhitaji vidole na dakika mbili.

Nanyi wanafunzi mnaosoma makala haya msidhani kwamba nimewasahau. Mwenzenu mwenye kisukari hataki kuhurumiwa, wala ugonjwa wake hauambukizi. Anataka asibandikwe jina. Mkimwona akitetemeka au akisema maneno yasiyoeleweka, msicheke wala msimwache peke yake. Mpeni sukari na mmwite mwalimu. Mnaopenda sayansi, mnao mfano hai wa yale mliyosoma kuhusu kongosho na homoni, lakini yeye si kielelezo cha maabara. Muulizeni kwa adabu, nanyi mtajifunza mengi. Na wewe unayejidunga, papasa tumbo na mapaja yako leo. Ukikuta pamevimba, pahame, ila umwone daktari au muuguzi kwanza ili akuelekeze kipimo.

Methali tuendelee kuifunza, maana ni ya kweli. Ila tunapoiandika ubaoni tuwaulize wanafunzi wetu pia ni nani aliyefunga milango mingine yote hata mgonjwa akabakiwa na mlango wa msalani. Jibu likiwa ni sisi, basi funguo tunazo mkononi. Muhula ujao, mwalimu mwenzangu, kabla ya kengele ya kwanza, uliza kama katika darasa lako yumo anayejidunga insulini, kisha umwonyeshe pa kukaa.